Kuuliza Salio

Jumamosi asubuhi Mama Pacha, fundi cherehani, aliingia benki amejifunga kibwebwe. Mumewe, mchora mabango, alimfuata na rangi ya kijani vidoleni. "Wameniibia!" Mama Pacha alitangaza tangu mlangoni, na foleni nzima ikageuka.

Mwaka mzima mke na mume walikuwa wakiweka pesa kwenye akaunti moja, wanunue mashine ya kudarizi. Mwenye nayo, bibi mmoja anayefunga duka lake la nguo, alitaka laki sita taslimu kabla ya saa sita mchana siku hiyo, la sivyo anamuuzia mwingine. Bila mashine ile Mama Pacha angeendelea kupeleka beji za sare za shule kwa fundi wa mtaa wa pili na kumwachia nusu ya faida. Daftari lake lilisema laki sita kamili. Simu ilisema zimepungua elfu kumi na mbili na mia mbili.

Na siku ya kwanza waliapiana: hakuna kugusa, hakuna hata kuchungulia, mpaka zitimie!

Binti wa dawatini alichapa taarifa ya akaunti, akaisoma taratibu. "Kuuliza salio, mia mbili. Kuuliza salio, mia mbili. Kuuliza salio..."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ukiuliza salio kwa simu, mama, tunakata mia mbili. Mmeuliza mara sitini na moja."

Masikio ya Mama Pacha yaliwaka moto. Maana alichungulia, tena sana. Alichungulia akisubiri pasi ipate moto, alichungulia mteja akivaa gauni nyuma ya pazia, na kila akiona tarakimu zimepanda alirudi kwenye cherehani akiimba. Lakini sitini na moja? Hata kwa utamu ule, hapana.

"Simu ziko mbili," binti aliongeza. "Inayoishia na tisa, mara thelathini na nane. Inayoishia na nne, ishirini na tatu."

Hiyo inayoishia na nne ilikuwa ya mumewe. Baba Pacha alikuwa anakagua dari kana kwamba ameombwa bei ya kuipaka rangi.

"Na wewe!"

"Kidogo tu, mke wangu. Nikichoka juu ya ngazi naangalia, nguvu zinarudi."

"Hukujua wanakata?"

Alinyoosha kidole kwenye ubao wa makato ukutani, herufi za kijani zimenyooka vizuri. "Ule nimeuandika mwenyewe. Mstari wa nne. Nikasema mtu mmoja akichungulia si neno. Wewe si uliapa?"

Mama Pacha alitaka kukasirika, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani, kikampata mumewe, kikamaliza na binti wa dawatini, ambaye kazini hakuruhusiwa. Ilikuwa saa tano na nusu. Walitoa zote, ikabaki mia mbili akaunti isifungwe, wakatoka mbio.

Dukani, bibi alizihesabu pesa mara mbili. "Hazijatimia."

Mama Pacha alimsimulia yote, hata ya pasi na pazia, na bibi akacheka mpaka akavua miwani.

"Baba Pacha," alisema akifuta macho, "nifutie 'DUKA LA NGUO' pale mlangoni, uniandikie 'CHUMBA CHA KUPANGISHA'. Tumemalizana."

Brashi ilikuwa mfukoni tayari.

Alipomaliza waliipakia mashine kwenye mkokoteni, wakakaa ukingoni mwa barabara kuitazama. Mama Pacha alikuwa na furaha hata miguu haikutulia. Akatoa simu.

"Zimebaki mia mbili," alisema.

"Usithubutu."

"Tuchungulie pamoja. Hatujawahi."

Wakabonyeza, kidole juu ya kidole. Ujumbe ukaingia: salio lako ni sifuri. Walicheka hadi mwenye mkokoteni akawauliza kama wameshinda bahati nasibu, na Mama Pacha akamjibu ndiyo.