Wino wa Laetitia

Msicheke, jamani: Henriette alikuwa mke wa rais. Mumewe Josias ndiye rais wa kwanza wa chama cha Wakongo wa Isipingo, chama cha kuzikana, na watu wote walimwita mkewe Mama Prezida. Ikulu yake ilikuwa saluni ya viti viwili karibu na stendi ya teksi. Ukubwa jalala!

Saluni humo alitunza daftari la chama: familia themanini na tatu, majina yao na nyumba wanamokaa. Liliandikwa na binti yao Laetitia, kwa kalamu ya wino wa maji, ile inayochafua vidole, mwaka uleule alipofariki kwa homa. Aliwahi kumsomea mama yake habari za mke wa rais wa zamani wa Marekani, aliyehakikisha picha kubwa ya rais wa kwanza, iliyotundikwa ikulu, imeokolewa kabla hajawakimbia maadui.

"Na wewe, Mama Prezida, siku ya hatari utaokoa nini?"

"Wewe, mjinga wewe!"

Basi siku moja, saa nne asubuhi, Josias akapiga simu kutoka kiwandani Jacobs. "Mama Laetitia, wanakuja wale wanaofukuza wageni! Wanapekua maduka yetu. Wamesikia iko daftari. Wakilipata, jioni wako milangoni kwa watu!"

Nyimbo za waandamanaji zilishafika kwenye roboti, zile taa za kuongozea magari. Kukimbia? Barabara imejaa. Kuficha? Watapindua kila kitu. Akafungua bomba la sinki la kuoshea nywele, akashika daftari, mkono ukagoma. Mwandiko wa mwanawe! Hana mwingine. Eish, Mungu wangu, mtihani gani huu?

Akamkumbuka Kaneza, mjane wa Queensburgh mwenye mapacha. Jina lake liko ukurasa wa kwanza. Akalizamisha daftari majini. Akasugua ukurasa baada ya ukurasa, huku analia kwa sauti, mpaka maji yakawa ya bluu.

Wanaume sita wakaingia na fimbo. Wakamwaga droo, wakavunja kioo. Mmoja akainua bonge la karatasi mbichi, akalitazama, akalitupa sakafuni. Wakatoka.

Josias alifika anahema. "Daftari?"

Akamwonyesha bonge lile. Josias akamshukuru Mungu, akaleta maji kwenye beseni. "Nawa mikono, mama."

Henriette akaficha viganja vyake vya bluu kifuani.

"Acha kwanza, Baba Laetitia. Mtoto iko hapa."