Nundu Iliyokandwa kwa Maji ya Moto

Nilitapika juu ya pamba ya watu, nikainua kichwa, nikaona milango miwili ya ghala mahali ambapo siku zote upo mmoja. Mama muuza chai alikuwa ananipiga makofi mashavuni. Nyuma yake nikamsikia shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, akisema, "Usingizi tu huo. Mwache alale."

Asubuhi ile nilifika pale mzima kabisa.

Tulikuja na shemeji kuuza pamba, foleni tukaikuta imeshazunguka ukuta. Karani wa ghala alikuwa ametundika mizani kwenye boriti kwa kamba ya kufungia ng'ombe. Mnyororo ulikatika msimu uliopita, hakuushughulikia. Mtu mmoja kwenye foleni akamwambia kamba imechakaa. Karani akacheka. "Inashika fahali, itashindwa na pamba?"

Gunia langu la kwanza lilipotundikwa nikasogea kulishika lisizunguke. Kamba ikakatika. Chuma cha mizani kikanigonga juu ya sikio. Nikakaa chini, nikashika kichwa, nikasikia nundu inaota chini ya kiganja. Damu hakuna. Hilo ndilo lililoniponza, maana kwetu kama damu haijatoka, mtu hajaumia.

"Mayu ana kichwa kigumu kuliko mizani yangu," karani akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Akaiunga kamba ile ile kwa fundo, akaendelea kupima.

Shemeji akaomba maji ya moto kwa mama muuza chai, akachovya kitambaa, akaikanda nundu, akaisukuma kwa kidole gumba irudi ndani, vile tunavyowafanyia watoto wetu. Ikazidi kuvimba. Nikamwambia nasikia kichefuchefu, anipeleke hospitali.

"Tukitoka hapa tunarudi mwisho wa foleni, shemeji. Lala kidogo."

Nikalala kwenye pamba. Pamba yangu ikapimwa, ikaingizwa ndani, hakuna aliyenigusa. Mama muuza chai alipokuja kuchukua kitambaa chake akanitikisa, nisiamke. Akaendelea kunitikisa mpaka nikatapika. Ni yeye aliyenipakia kwenye bodaboda, akanishikilia kwa nyuma mpaka hospitali ya Bariadi.

Muuguzi alipoiona nundu akauliza nani ameikanda. "Nundu mbichi inawekewa kitambaa cha maji baridi," akasema. "Haikandwi, haisukumwi. Na aliyegongwa kichwa akilala, kaeni karibu, mwamsheni mara kwa mara. Akitapika, au akiwa mzito kuamka, mleteni hapo hapo."

Wanasema nimepona. Lakini tangu siku ile sisikii harufu. Ugali ukiungua najua kwa kuuona moshi. Mjukuu wangu ndiye ananinusia mboga kama imechacha, halafu ananitazama usoni kuona kama nimeumia moyo.

Shemeji alikuja akasema hakujua habari ya maji ya moto. Namwamini. Hata mimi sikujua. Lakini nilimwambia nipeleke, akachagua foleni. Karani hajaja mpaka leo, na mizani inaning'inia kwa kamba ile ile, fundo linaonekana ukiwa barabarani.

Sitaki pole. Nataka karani asimame chini ya mizani yake, mbele ya foleni nzima, aseme kwa nini alifunga fundo akaendelea kupima huku mimi nimelala pale. Na shemeji asimame kando yake, ajibu la kwake.