Mkono wa Kushoto wa Mama

Mjomba wangu hajawahi kusema "sijui" maishani mwake. Simchukii. Kumchukia kungekuwa kumpa uzito asiokuwa nao. Namdharau tu.

Figo za mama, mwalimu mstaafu wa Mkunya, zilipokufa, alianza kusafishwa damu kwa mrija uliopachikwa shingoni. Kisha daktari akampasua mkono wa kushoto na kuunganisha mishipa miwili ya damu, ili mmoja utanuke na uweze kuchomwa sindano nene za mashine. Tuliambiwa tuusubiri ukomae, na usifungwe kitu chochote. Kila asubuhi niliugusa karibu na kiwiko, nikausikia ukitetemeka chini ya ngozi. Mtetemo ule ndio uliotuonyesha kwamba mshipa u hai.

Mjomba akaja kutoka Kitangari. Akautegea sikio, akatangaza kwamba mkononi mna jini linanguruma. Mama alimweleza taratibu, kama alivyokuwa akiwaeleza watoto wa darasa la kwanza, naye akawa anaitikia kwa kichwa. Alasiri, mama akiwa amelala kwa uchovu wa mashine, nikamkuta mjomba anamfunga kitambaa cheusi juu ya kiwiko, anakikaza kwa meno.

Nikamwambia daktari amekataza.

"Mimi ndiye mjomba," akasema. "Huyo daktari ni nani wenu?"

Na mimi, mtu mzima mwenye watoto watatu, nikanyamaza. Kwetu mjomba hapingwi. Nilisubiri mpaka alipokwenda kusalimia majirani, ndipo nikakifungua. Nikaugusa mkono. Ulikuwa kimya. Dharau yangu nyingine naiweka hapo, kwangu mwenyewe.

Hospitali walijaribu kuuzibua mshipa, wakashindwa. Wakampasua tena, safari hii mkono wa kulia, ule alioandikia ubaoni miaka yote. Mjomba alipopata habari kwamba mtetemo umekwisha, alifurahi.

"Si nilisema? Limetoka."

Alipokuja kumjulia hali, mama alikuwa amekaa barazani. Aliukumbatia mkono wa kulia kifuani.

"Karibu, kaka," akasema. "Kaa kule mbali."

Akakaa kule mbali, wala hakuona aibu.

Mshipa wa pili ulikomaa, mrija ukaondolewa shingoni. Sasa mama anamenya mihogo kwa mkono wa kushoto, polepole. Mjomba anasimulia hadi Newala mjini jinsi alivyomponya dada yake. Watu wanampelekea wagonjwa, naye anawapokea.