Saa Niliyomwazima Mdogo Wangu

Nyinyi vijana mtakaoyasoma haya, wekeni simu zenu chini kidogo. Mnajiona mmeshazoea mashine, hamshtuki na kitu. Miye nimeshtuka, na mshtuko wenyewe mpaka leo haujanitoka. Ndiyo maana nimekaa kuandika safari yangu ya kutoka kijijini Wambaa kwenda mjini Chake, kutoka Chake kwenda Tumbe, na kurudi nyumbani. Skuli sikukaa sana. Nitasema kama nilivyoona.

Chanzo ni saa. Walikuja watu wa utafiti kijijini kwetu wakitafuta wazee wenye presha, na presha ninayo. Wakanifunga mkononi saa nyeusi ya mpira, kioo chake kinang'aa kama jicho la pweza, na kwa ndani inawaka taa ya kijani inayochungulia damu chini ya ngozi. Aliyekuja nayo ni msichana wa Unguja, Rukia, ukimsikia neno moja tu unajua si wa kwetu. Akaweka na kisanduku kidogo kabatini kwangu. Saa ikiwa karibu nacho inakimwagia kila ilichokiona mwilini, na kisanduku kinapeleka Chake kwa daktari. Nikamwambia, mwanangu, hata marehemu mume wangu hakuwahi kunichungulia hivyo. Akacheka, akaifunga.

Basi asubuhi moja Rukia akapiga simu, na safari hii hakucheka. Alisema njoo Chake leo hii bibi, usingoje kesho, daktari ameona mapigo ya moyo wako hayapendezi.

Wambaa. Nyumba ilivurugika. Mwanangu Omar, mtu mzima mwenye kitambi chake, alitaka kunibeba mpaka njiani kama maiti. Mkewe Salma akaanza kulia juu ya sufuria ya uji. Nikamwambia machozi ayatie pembeni, chumvi nimeshatia. Nikavaa buibui, nikachukua dawa zangu za presha, nikatoka kwa miguu yangu mwenyewe. Kwa nje nilikuwa mkali. Ndani nilikuwa najisikiliza.

Mtambile. Pale nilingoja gari ya Chake. Karafuu zimetandazwa kwenye majamvi ukingoni mwa barabara, wanawake wanazigeuza, harufu yake imejaa koo. Kila aliyenisalimu nilimwitikia huku nimebana vidole kwenye mshipa wa mkono. Nilisikia du, du, du, sawa kabisa. Sasa hiyo saa imeona nini ambacho mwenye moyo hajakiona? Nikamkumbuka mama yetu. Alianguka uani akipeta mchele, mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukafa. Watu walisema amepigwa na upepo mbaya. Akafukizwa, akasomewa, hakuinuka tena.

Chake, kabla ya adhuhuri. Nilidhani naingia hospitali, kumbe nimeingizwa chumba ambacho sina jina lake. Mezani palikuwa na pete, ndogo kuliko pete yangu ya fedha, Rukia akasema inajua mtu amelala vipi na joto lake limepanda saa ngapi. Palikuwa na soli ya kiatu ya wagonjwa wa sukari waliokufa ganzi nyayo. Inapiga simu mguu ukianza kuungua au kuumia. Palikuwa na fulana inayohesabu pumzi. Palikuwa na glavu yenye nyuzi, ya mtu aliyepooza, inamsaidia kufumba na kufumbua kiganja mpaka mkono ukumbuke kazi yake. Hiyo niliishika muda mrefu. Mama hakuwa na glavu.

Na miwani. Mzee mmoja kipofu alikuwa anaijaribu, imefungwa kitu cha kusemea sikioni. Akageuka upande wangu, miwani ikasema kwa sauti ya kike, Kiswahili safi: "Mbele yako amesimama mwanamke mzee. Amekunja uso."

Yule mzee akacheka mpaka akashika meza. "Bi Mkubwa, mashine imekutukana au imesema kweli?"

"Imesema kweli," nikamjibu, "lakini haikuulizwa."

Nikavuta kiti, nikakaa. Fikirini wenyewe. Tumezoea kuwa mwili wa mtu ni siri yake na Mola wake. Sasa kiatu kinasema, pete inasema, fulana inasema, na miwani inatangaza uso wa mtu mbele ya watu.

Daktari alikuwa mwanamke wa bara, mpole, Daktari Neema. Alinilaza, akanibandika nyaya kifuani, karatasi ikatoka na mstari wake. Akaitazama, akanitazama. Akasema moyo wako leo hauna neno. Kisha akanionyesha kwenye kompyuta mstari mwengine, ule ulioletwa na saa. Hata miye nisiyejua kusoma michoro niliona. Wa leo ulikuwa kama mishono ya cherehani. Ule mwengine kama mtu anayeshona huku anasukumwa. Siku chache tu umekwenda hivyo, kisha umetulia.

"Bibi," akaniuliza, "saa hii imewahi kuvaliwa na mtu mwengine?"

"Haijavaliwa," nikasema.

Lazima niwaeleze kwa nini nilijibu hivyo, maana nyinyi wa siku hizi mnapiga picha na dhahabu za kukodi na wala hamuoni haya. Kwetu, mwanamke akiazima pambo la kwendea harusini, aliyemwazima anafunga mdomo. Anaufunga mpaka kaburini. Ukikuta bangili yako mwenyewe mkononi mwa mwenzio kwenye ngoma, unaisifu kama hujawahi kuiona. Huko ndiko kumsitiri mtu. Nimelelewa hivyo na mama, na mama kalelewa hivyo na mama yake.

Na saa nilikuwa nimemwazima mdogo wangu Mize. Mize kaolewa Tumbe, na dhahabu yake yote aliiuza kumtibu mumewe. Ilipokuja harusi ukweni alikuja kwangu Wambaa kichwa chini. Mawifi zake wana dhahabu mpaka viwiko, na midomo yao mirefu kuliko hizo dhahabu. Nikampa herini zangu. Yeye macho yapo kwenye saa. Akasema Dada, hizi ndizo wanazovaa watu wa mjini. Nikaifungua, nikamfunga. Ikaenda Tumbe, ikakaa harusi nzima, ikarudi kabatini, ikakimwagia kisanduku.

Nilijua basi, pale pale kwenye kiti, moyo ule ni wa nani. Na bado mdomo ulikataa kufunguka.

Daktari akashusha pumzi. Akamwambia Rukia, "Basi saa ilikuwa mbovu siku hizo. Zifute, zisituharibie utafiti."

Rukia akapeleka kidole kwenye kompyuta. Nikauliza, kama isingekuwa mbovu, huyo mwenye moyo huo angepatwa na nini. Daktari akanieleza polepole. Moyo ukicheza hivyo damu haipiti vizuri, inatuama, inaganda. Donge likipanda kichwani mtu anaanguka, mdomo unakwenda upande, mkono unakufa.

Nilimwona mama uani, na ungo umepinduka, na mchele umemwagika.

"Usifute," nikasema. "Moyo huo wa mdogo wangu."

Hakuna aliyenigombeza, na hilo lilinichoma zaidi. Niliwapa sharti moja tu, asijue mtu Tumbe kuwa Mize aliazima. Daktari akakubali. Rukia akachukua mkoba wake na funguo za gari ya mradi.

Njiani kuelekea kaskazini. Rukia alimpa dereva funguo, yeye akakaa nyuma na mimi, kompyuta juu ya mapaja. Akanifunulia siku za harusi. Hapa Bi Mize alicheza ngoma, moyo ukapanda. Hapa alilala. Hapa aliamka, akakaa, akalala tena, akaamka tena, na kila mara moyo unaruka ruka. Mdogo wangu aliniambia kwenye simu yeye mzima kabisa. Nimemlea, nimemsuka nywele, nikaamini maneno yake. Kumbe kitanzi cha mpira kilikaa naye harusi moja kikajua nisichokijua.

Kisha Rukia akacheka kidogo. "Na Ijumaa moja, bibi, jioni, ulikimbia mbio za kweli, unakwenda na kurudi kama mcheza mpira. Siku ile tulikuona shujaa."

Ijumaa ile nilikuwa kwenye hitima. Saa niliiacha juu ya kabati, isije ikawaka watu wanasoma. Nililiweka hilo moyoni.

Tumbe, alasiri. Diko la kuteremshia samaki limejaa, baiskeli zenye matenga ya samaki zinapita, pikapu zinapakia. Tulimkuta Mize penye majiko ya dagaa, na mawifi zake wawili pembeni. Alikuwa amekonda. Alichota ndoo ya maji, akapumzika. Akachota tena, akapumzika. Wifi mkubwa, Bi Mgeni, aliniona kabla yake. Hakuanza na salamu, macho yalishuka moja kwa moja mkononi mwangu.

"Ala, kumbe saa mnayo ndugu wote?" akasema. "Au ni ile ile, mnaazimana?"

Mize akaganda, ndoo mkononi. Naapa niliona rangi inamtoka. Nami kwa ukali wangu wote nikaficha mkono ndani ya buibui.

Rukia ndiye aliyejibu. Alifungua mkoba, akatoa saa nyengine, mpya, akaenda mpaka kwa Mize akampigia shikamoo. "Bi Mize, ya kwako hii hapa, samahani tumechelewa kuileta." Akamfunga mbele ya mawifi zake, kama mtu anayerudisha amana. Msichana wa Unguja, wa juzi, hajui hata njia ya kisimani kwetu, kamsitiri mdogo wangu.

Bi Mgeni akarudi kwenye dagaa wake. Lakini Rukia alikuwa anatazama mapigo kwenye kioo cha ile saa mkononi mwa Mize, na uso ukambadilika. Akasema kwa sauti ya chini twende, sasa hivi.

Nikawaambia mawifi namchukua mdogo wangu anisindikize hospitali, moyo wangu mbaya. Mungu atanisamehe.

Garini ndipo nilipomwambia Mize ukweli. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

"Umesema, Dada."

"Nimesema kwa daktari."

"Umenivua nguo."

"Nimekuvua mbele ya daktari," nikamwambia, "nisije nikakuvua siku ya kukuosha. Mama ulimwona. Unataka na wewe tukuite umepigwa na upepo?"

Akageukia dirishani. Kisha nikasikia mkono wake unatafuta wangu juu ya kiti. Saa zetu zikagongana.

Chake, magharibi inakaribia. Nyaya zile zile, kitanda kile kile, mgonjwa ndiye mwengine. Karatasi ikatoka na ule mshono wa kusukumwa. Daktari Neema alisema tumewahi. Akampa dawa ya kuzuia damu isigande na ya kuutuliza moyo, akamwambia hizi si za kumeza ukijisikia vibaya tu, ni za kila siku, na ndoo za maji abebe mwengine kwa sasa. Mize alikubali kila kitu. Tulipofika mlangoni akamrudia Rukia, akamnong'oneza. Nilidhani anauliza habari za dawa. Alikuwa anauliza kama zipo saa za rangi ya dhahabu.

Kurudi Wambaa, siku ya pili. Nilimchukua Mize akae kwangu mpaka apate nguvu. Njia nzima nilikuwa naitazama ile taa ya kijani kwa jicho jengine. Bado inanitisha, siwafichi. Sipendi kitu kinachojua nimelala vipi kabla sijaulizwa nimelala vipi. Lakini nimejifunza hili: ile saa inajua moyo unavyopiga, haijui moyo wa nani. Hilo anajua mtu, na mtu asiposema, daktari anamtibu asiyeumwa na anamfuta anayekufa. Sitara naipenda, nitaifuata mpaka nizikwe. Kwa daktari haina mahali.

Tulipofika, Salma alikuwa ameshapakua wali na mchuzi wa pweza, nyumba nzima imekaa kwenye jamvi, wanacheka kwa furaha kuwa sikufa. Omar alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye sinia. Nikaivua saa, nikaiweka katikati, juu ya sinia. Omar akaurudisha mkono polepole.

"Hapa hali mtu," nikawaambia, "mpaka kila aliyewahi kuivaa hii aseme aliivaa lini na alifanya nini, nimpigie Rukia sasa hivi. Na aanze aliyecheza mpira Ijumaa."