Sanduku Linalia, Mashine Kimya

Fundi cherehani huyu watu walimwita Pima-Tena, na jina lenyewe alilistahili. Hakati kitambaa mpaka apime, apime tena, kisha akwambie urudi kesho apime ya mwisho. Mkewe ndiye aliyemtungia jina hilo, enzi zile kifua chake kingali kizima na kicheko chake kinasikika mtaa wa pili.

Siku hizi kicheko kilikuwa kimeishiwa pumzi. Mapafu ya mama wa watu yalichoka, akawa anaishi kwa mashine ya oksijeni iliyokaa kando ya kitanda, mrija puani kutwa kucha. Na kwa kuwa umeme wa mtaa ule ulikuwa na vituko vyake, binti yao alinunua sanduku la betri, lile wanaloliita UPS. Umeme ukikatika, sanduku linalia pi, pi, pi, na mashine inaendelea kunguruma kama hakijatokea kitu. Pima-Tena naye alihamishia cherehani yake ya umeme mle mle chumbani, akawa anashona ubavuni pa mkewe.

"Unanilinda au unanichunga nisitoroke?" mkewe alimtania.

"Utatorokea wapi na waya huo puani?"

Basi asubuhi hiyo binti aliuchukua mtungi wa akiba wa oksijeni kwenda kuujaza. Pima-Tena akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akaingia sebuleni kukata mikono ya gauni la bibi harusi. Mkasi ulikuwa katikati ya kitambaa feni iliposimama. Akasikia sanduku likilia kule chumbani, wala hakushtuka. Kilichomshtua ni kile ambacho hakukisikia. Mashine ya mkewe haikuwa inanguruma.

Asikwambie mtu, mzee wa watu alikimbia. Alimkuta mkewe ameketi, mikono imeshika godoro, mabega yanapanda na kushuka, midomo imeanza kubadilika rangi. Mashine ya oksijeni ilikuwa imezima kabisa. Na sanduku, loo, lenyewe linalia zake, taa yake ya kijani inawaka, zima kama siku lilipotoka dukani.

"Nini tena? Nini tena, mama watoto?"

Akabonyeza swichi ya mashine. Kimya. Akalizima sanduku, akaliwasha, likaanza kulia upya. Mashine kimya. Akabonyeza kila kitufe alichokiona, akalipiga sanduku kofi kama watu wanavyoyapiga maredio mabovu, akaliomba msamaha, akalipiga tena. Akampigia simu fundi umeme aliyelifunga sanduku lile.

"Fundi, mashine imezima! Mke wangu anakwisha!"

"Sanduku linalia, mzee?"

"Linalia!"

"Taa ya kijani?"

"Inawaka!"

"Basi betri nzima hiyo, umeme unatoka. Itakuwa mashine yenyewe ndiyo imekufa. Mkimbize hospitali, mzee, usingoje."

Amkimbize na nini? Gari hana, jirani wote wako makazini, mtungi uko njiani na binti, na simu ya binti inaita tu haipokelewi. Akapiga magoti kando ya kitanda, mtu mzima na tepu ya kupimia shingoni, akalia machozi.

"Usiniache. Mke wangu, tafadhali, mimi nitabaki na nani?"

Mkewe akainua kidole, akaelekeza cherehani.

"Gauni? Hata sasa unaniwazia gauni? Na liungue huko!"

Mama akatikisa kichwa. Akaelekeza tena, kwa hasira sasa, macho yamemtoka.

"Taa," alisema, na neno hilo moja likammaliza pumzi.

Pima-Tena akageuka. Juu ya sindano ya cherehani, kataa kadogo kalikuwa kanawaka, katika nyumba isiyo na umeme. Katika jua lile la dirishani nani angekaona? Akaufuata waya wa cherehani kwa vidole, ukamfikisha nyuma ya sanduku, kwenye tundu la kushoto. Plagi ya mashine ya oksijeni ilikuwa upande wa kulia.

Ndipo maneno ya fundi umeme, siku ya kulifunga sanduku, yalipomrudia. Matundu ya kushoto yanalishwa na betri. Ya kulia yanapitisha umeme wa ukutani tu, ukikatika na yenyewe basi. Siku ile alikuwa ameitikia "sawa, sawa" kama sote tunavyowaitikia mafundi, na mkewe alikuwa amelala.

Aling'oa plagi zote mbili kwa mpigo, akachomeka ya mkewe kushoto. Mashine ikapiga mlio, ikatikisika, ikaanza kunguruma. Akamshikilia mgongo, akihesabu naye pumzi, mpaka midomo ile ikaanza kurudiwa na rangi.

"Nani mpumbavu aliyehamisha plagi?" aliuliza, akiwa bado analia.

"Mimi." Mama akapumzika kidogo. "Ulipotoka na mtoto. Umeme ukikatika katikati ya mshono unasononeka, unatukana peke yako. Nikasema leo cherehani ikae kwenye sanduku, ashone asikatizwe. Waya wako mfupi, haufiki kulia. Nikakupisha tundu langu. Nilidhani yote ni sawa."

Umeme ulikuwa haujarudi.

Binti alipoingia na mtungi, alimkuta baba yake amekaa sakafuni nyuma ya sanduku, kiganja kimeikandamiza plagi.

"Baba, sogea basi nimfungie mama mtungi."

"Ngoja," alisema. Akachungulia kama ni kushoto. Akachungulia tena.