Saa Sita Asubuhi ya London

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, nilikuwa simwamini mtu. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kufika kijijini kwetu Mapera na mizani zao wenyewe, na kila mizani ilipima kivyake. Mimi, mwalimu wa jiografia wa shule ya msingi, nikajipa kazi ya kukagua kila kilichoingia nyumbani kwetu, hata barua za mchumba wa dada yangu.

Mchumba huyo alikuwa mtu wa Lipingo, Mwanglikana wa ziwani. Sisi ni Wakatoliki wa milimani, na mama alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni tangu mwanzo. Alileta posa, kisha kabla hatujajibu akaaga kwamba anakwenda London kusomea injini za meli. Mshenga wake angekuja baada ya mwezi, Jumapili baada ya misa, kuchukua jibu.

Alhamisi ya wiki hiyo ikaja barua. Aliandika: “Tuliruka Dar saa nne usiku, tukatua London saa sita asubuhi.”

Niliisoma mara tatu. Saa sita asubuhi? Saa sita ni mchana, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Nikachukua atlasi ya shule na uzi mweusi wa mama, nikaunyoosha kutoka Dar mpaka London, nikaupima kwa rula. Ilikuwa kama kilometa elfu saba na mia tano. Kwa mwendo wa ndege nilioufundisha darasani, safari ni saa tisa hivi. Barua yake, ukijumlisha na zile saa tatu ambazo London iko nyuma yetu, ilitoa saa kumi na saba.

“Saa nane nzima zimekwenda wapi?” nilimuuliza mama. “Ndege si basi, isimame njiani abiria wachimbe dawa vichakani.”

“Na stempu ya Uingereza?”

“Kampa msafiri aiposti. Huyu yuko Dar, mama, pengine na mke.”

Nilisema hivyo kwa raha, nakiri. Dada yangu alikuwa palepale akichambua maharage, wala hakuinua kichwa. Jumapili mshenga alipewa soda, akarudishiwa barua ya posa. Aliipokea kwa mikono miwili, akateremka zake ziwani.

Miaka kadhaa baadaye niliitwa kwenye semina ya walimu nje ya nchi. Nilipofika Dar, binti wa ofisi ya ndege akanipa tiketi: “Ndege yako ni saa sita asubuhi, baba.”

“Saa sita ni mchana,” nikamsahihisha.

Akacheka. “Hizo ni saa za tiketi, za Kizungu. Sisi tunasema saa kumi na mbili.”

Nikapiga hesabu palepale kwenye kaunta. Toa saa sita katika zile kumi na saba, zinabaki kumi na moja: tisa za kuruka, mbili za kusimama njiani. Kijana wa watu saa ya kutua aliinakili tu kutoka kwenye tiketi yake, na wakati huo alikwisha kuoa kwao, ana watoto.

Niliporudi Mapera nilimfuata dada yangu shambani. Alikuwa bado hajaolewa. Nikamweleza yote, nikamwomba msamaha.

“Nilijua siku ileile,” alisema. “Alinieleza saa za tiketi kabla hajaondoka. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aniulize.”