Mkono wa Mshonaji kwenye Ukingo wa Mwamba

Sifa zote ni za Mola, aliyeitandaza bahari na akaiinua nchi yetu ikawa milima, kila mtu akapata mahali pa kujivunia.

Mwaka 1991 mdogo wangu Zuhura, aliyeolewa Tanga, aliniandikia kwamba binti yake anaolewa na mjomba hana budi kuwapo. Aliongeza kwamba mumewe, Bakari, amewaahidi wakwe walima wa nguru atakayemvua kwa mkono wake mwenyewe. Nikafunika cherehani yangu pale Biryogo, mtaa wetu wa Kigali, nikaondoka.

Kutoka Kigali hadi Rusumo tulishushwa kwenye kila bariyeri, kizuizi cha askari, kuonyesha vitambulisho. Baada ya daraja la mpakani ilikuwa siku nne za vumbi, na abiria mwenzangu aliyelala begani pangu tangu Nzega. Alhamdulillahi, hakukoroma.

Tanga nilifika Jumatano. Harusi ilikuwa Ijumaa, na Bakari alikuwa hajapata kitu. Mwendesha boti wake alishikwa na homa.

“Shemeji,” akaniambia, “wewe umeendesha mashine miaka thelathini. Kesho utashika yangu.”

Nikamwambia yangu haielei. Akasema hata yake ina siku zake.

Alhamisi tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Mashine ilifungwa nyuma ya boti, nami nikashika mkono wake wa kuongozea. Mishipi miwili tuliiburuta nyuma. Bakari alinionyesha mahali maji ya kijani ya mwambani yanapokutana na buluu ya kina. Nifuate mstari huo, mwendo usibadilike, ili chambo kionekane kama kidagaa kinachokimbia. Nikigeuza, nigeuze kwa upana, la sivyo mishipi itasokotana. Hayo niliyaelewa upesi, kwa maana ni sawa na kushona pindo la mviringo. Nilipomwambia, akasema pindo halina meno.

Saa mbili mshipi mmoja ulikaza ghafla. Mshonaji uzi ukikaza huondoa mguu papo hapo, ama sindano ivunjike. Mkono wangu ukafuata mazoea ya mguu, nikazima mashine. Mshipi ukalegea, nguru akapiga mbizi mwambani, ukakatika.

Bakari alikusanya kipande kilichobaki. Kisha akauliza kwa upole kama Kigali hata nguo za wateja huwa tunaziachia zijiendee. Nilicheka, lakini moyoni niliona sinia za walima zikiwa tupu kwa sababu yangu.

“Ukikaza, endelea,” akasema. “Elekea kwenye buluu, umtoe mwambani. Ukisimama, umempa nafasi.”

Adhuhuri ilipokaribia ukakaza tena. Mkono ulitaka kuzima. Nikapiga Bismillahi, nikaiacha mashine ivume, nikageuza taratibu kuelekea kina, mpaka Bakari aliposema nipunguze. Nguru aliyeingia botini alikuwa mrefu kuliko meza ya cherehani yangu.

Ijumaa wakwe walikula, wakashiba, wakasifu. Bakari alimweleza kila mgeni kwamba huyu kamvua yeye, na yule mkubwa zaidi kaachiliwa na shemeji.

Biryogo nilirudi baada ya wiki mbili. Kazi ya kwanza ilikuwa kanzu ya jirani. Uzi ukakaza, nami nikaendelea kukanyaga. Sindano ikaruka vipande viwili. Mke wangu, niliyekwisha kumsimulia habari za nguru, aliviokota, akavitazama.

“Sindano imekufa, mzee. Na samaki iko wapi?”

Nimejifunza kwamba subira ina nyuso mbili, ya kusimama na ya kuendelea. Mungu akujalie, msomaji, uijue saa ya kila moja, na akupe shemeji mwenye kusahau.